Sukari haikimbiwi kwa njaa

Juma hili naomba niungame. Mimi ni mlevi. Pombe sinywi na sigara sijawahi kuvuta, lakini mbele ya kikombe cha chai tamu nilikuwa sina ujanja.

Kazi yetu ya redio huanza mapema. Kwa miaka mingi nilikuwa nikiingia zamu ya saa kumi na moja alfajiri bila kutia chochote tumboni, nasoma taarifa, na ikifika saa tatu chai yenye vijiko vinne vya sukari na maandazi mawili vinanisubiri. Saa saba soda. Saa kumi, macho yakianza kuwa mazito, soda nyingine. Niliona hiyo ni haki ya mtu anayefanya kazi.

Mwaka jana nikapimwa damu asubuhi kabla ya kula, na kipimo kikasoma 6.5. Muuguzi akanitazama, akasema, "Kaka yangu, kisukari huna, lakini umeshafika mlangoni." Kwa viwango vya Shirika la Afya Duniani, ugonjwa wenyewe huhesabiwa kuanzia 7. Mama yangu alikatwa mguu kwa ugonjwa huo, kwa hiyo hakuna aliyehitaji kunieleza ndani ya mlango huo kuna nini.

Nikafanya wanachofanya wengi: nikaapa. Nikaacha sukari, wali, ugali, chapati, hata ndizi mbivu. Nikawa mtu wa maji na mchicha. Siku ya nne kichwa kinagonga, nikagombana na fundi mitambo kwa jambo ambalo hadi leo silikumbuki. Siku ya sita nikajikuta kwenye kibanda kilicho nyuma ya ofisi, keki mkono mmoja, soda mkono wa pili, nimeupa mgongo mtaa kama mwizi.

Kwa nini nilishindwa? Jibu nililipata kwa panya.

Katika Chuo Kikuu cha Princeton, Marekani, Bartley Hoebel na wenzake walifanya majaribio ambayo waliyakusanya katika makala ya mwaka 2008. Panya walinyimwa chakula saa 12 kila siku, kisha kwa saa 12 wakapewa chakula chao pamoja na maji ya sukari. Baada ya majuma kadhaa walikuwa wakiyabugia maji yale mara tu yanapoletwa, na wakiyakosa wanaonyesha dalili zinazofanana na za mtu aliyekatiwa dawa za kulevya. Lakini panya wenzao, waliokuwa na chakula na sukari muda wote, hawakuwa na tabia hiyo. Panya si mtu, najua, na wataalamu bado wanabishana kama neno "ulevi" linafaa kwa sukari na binadamu. Hata hivyo nilipiga hesabu yangu. Chakula cha usiku saa mbili, chai saa tatu asubuhi: saa 13 nzima! Nilikuwa nikijifanyia jaribio lile kila siku ya kazi, kisha kwa kiapo changu nikaongeza njaa juu ya njaa.

Tangu hapo, nikielezwa mpango wowote wa kula, swali langu la kwanza ni hili: utaniacha na njaa saa ngapi?

Sasa hesabu ya pili. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba sukari inayoongezwa isizidi asilimia 10 ya nguvu tunayoipata katika chakula. Kwa mtu mzima wa kawaida hiyo ni kama gramu 50, yaani vijiko 12 vya chai kwa siku, na ikiwezekana nusu ya hapo. Soda nyingi za chupa ya mililita 300 zina gramu zaidi ya 30, karibu vijiko vinane. Weka soda mbili, weka chai yangu, unafika vijiko 20 kabla hujagusa andazi. Wapo wanaojitetea kwa asali na juisi. Pole sana, vyote hivyo vimo katika hesabu hiyo. Chungwa unalolitafuna mwenyewe halimo.

Mpango nilioushika ni wa kawaida kabisa. Kabla ya kutoka nyumbani nakula kiazi kitamu au muhogo wa kuchemsha, na yai au kiporo cha maharage. Mke wangu alicheka: "Maharage alfajiri? Utawafukuza watu studio." Lakini maharage na mayai hukaa tumboni, na saa tatu ikifika sitetemeki tena. Mchana ugali upo, nimeupunguza tu, na mboga na dagaa vikaongezeka. Saa kumi nakula karanga za kukaanga, nashushia maji. Sukari ya chai niliipunguza nusu kijiko kila baada ya majuma mawili, na ilichukua karibu miezi mitatu kutoka vine hadi kimoja. Siku moja nikapewa chai ugenini iliyotiwa vijiko vinne, ikanishinda kuimaliza.

Tahadhari moja kubwa. Kama unachoma sindano za insulini au unameza dawa za kisukari, usibadilishe chakula chako kwa kunisikia mimi. Sukari ya damu inaweza kushuka ghafla ukazimia, hata ukafa. Mwone daktari wako kwanza. Na wale mlioniuliza kuhusu vidonge vya kutia utamu, Mei 2023 shirika lile lile lilishauri visitumiwe kama njia ya kupunguza uzito, ingawa ushauri huo haukuwahusu walio na kisukari tayari. Mimi sivitumii. Nilitaka ulimi uzoee chai isiyo tamu sana, na vidonge hivyo vingeuacha pale pale ulipokuwa.

Mwezi uliopita nilipimwa tena, nikapata 5.8. Jumapili bado nakula vitumbua viwili, na mke wangu ndiye anayevihesabu.