Somo la Jioni: Mume na Mke wa Makamo

Leo wekeni kalamu chini kwanza, msikilize.

Tutasema juu ya watu wa makamo, yaani wale waliopita miaka arobaini lakini bado si wazee. Mtu wa umri huu huvutwa huku na huku. Watoto wakubwa wanataka ada na nauli. Wazazi wamezeeka, nao wanataka dawa na mtu wa kuwachotea maji. Katikati wapo mume na mke. Kila mtu huwaomba, hakuna anayewauliza hali.

Tazameni Kagunga, kaskazini ya Kigoma, karibu na mpaka wa Burundi. Mvuvi wa dagaa huondoka jua likichwa. Taa huwashwa juu ya maji, dagaa huifuata nuru, ndipo wavu huvutwa. Alfajiri boti zikirudi, mke yupo ufuoni na beseni. Mume huenda kulala. Mke huanika dagaa, huwageuza, hufukuza kunguru. Jioni mke amechoka, na mume ndiyo kwanza anaamka. Nyumba ni moja, kitanda ni kimoja, lakini hukilalia kwa zamu. Wakisemezana, husemezana bei, mafuta ya injini na madeni. Miaka kumi ikipita hivyo, kila mmoja hujiona anaishi na mgeni.

Wengi husema, "Mapenzi yamekwisha." Mimi nadhani mara nyingi kilichokwisha ni nafasi ya kuzungumza.

Nafasi hiyo ziwa lenyewe huitoa. Usiku wa mbalamwezi taa haivuti dagaa vizuri, basi wavuvi hupumzika siku kadhaa kila mwezi. Siku hizo wanaume hushona nyavu na kucheza bao (na wengine pombe, tusifichane). Chukueni jioni moja tu. Kaeni wawili, watoto wasiwepo, mfanye hesabu: nani anatudai, mzazi yupi ana shida gani. Mke akisikia habari ya deni dukani, ugomvi huwa juu ya mambo mawili: deni, na kufichwa.

Mwaka 2024 upande wa Tanzania uvuvi ulisimamishwa ziwani tangu 15 Mei hadi 15 Agosti, ili samaki wazaane. Miezi mitatu ni mirefu kwa nyumba inayokula kutoka majini. Lakini katika muda kama huo watu wawili waweza kusafiri pamoja, jambo ambalo kazi haiwaruhusu siku nyingine. Sisemi mume ahamie kambi ya mbali atume fedha. Hiyo ni kazi. Nasema wote wawili wapande boti mpaka Kigoma, wakipita mbele ya Hifadhi ya Gombe. Kisha washike treni, katika reli iliyofika Kigoma mwaka 1914, waende hata Tabora, kama kilomita 400, kumwona mtoto au ndugu. Ndani ya behewa hakuna beseni wala wavu. Neno zito ni rahisi kulisema mkiwa mmekaa bega kwa bega, mnatazama miti ikipita.

Msikope nauli. Pelekeni dagaa wakavu, mwenyeji atafurahi. Na kabla ya kuondoka, patanini na ndugu nani atabaki na wazee.

Lakini kama nyumbani kuna kipigo, safari si dawa. Mke anayepigwa asipelekwe mbali na watu wake. Aende kwa wazazi, au polisi kwenye dawati la jinsia na watoto. Kwa ugomvi wa kawaida uliowashinda, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 iliweka mabaraza ya usuluhishi wa ndoa. Kwenda huko si aibu.

Sasa mwalimu ataandika ubaoni: makamo, deni, nauli, mbalamwezi, usuluhishi. Someni kwa sauti, kisha andikeni kila neno mara tatu. Walio katika ndoa wajibu: mara ya mwisho mlisafiri pamoja lini, na nani alibaki na wazee?