Joto, Chuma na Kokoto: Kinachoizuia Reli Kupinda Kilosa

Abiria wa Tindiga na vijiji vingine vya Wilaya ya Kilosa waliozoea treni ya reli ya zamani wanaufahamu mgongano wa magurudumu yake. Mlio huo hutokana na nafasi ndogo zinazoachwa kati ya kipande kimoja cha reli na kingine ili chuma kipate pa kutanukia. Katika Reli ya Kisasa (SGR), ambayo treni zake zilianza safari za Dar es Salaam hadi Dodoma kupitia Kilosa Julai 25, 2024, vipande vimechomelewa vikawa reli moja ndefu.

Je, chuma hicho kinatanukia wapi? Joto likipanda kwa nyuzi 30 za Sentigredi, kilomita moja ya reli iliyo huru ingerefuka kwa takriban sentimita 34. Ikizuiwa isirefuke, nguvu hubaki ndani yake. Kwa reli yenye uzito wa kilo 60 kwa mita, msukumo huo hukaribia tani 56. Usipodhibitiwa, njia huchepuka pembeni na treni inaweza kuanguka.

Ipo aloi ya chuma na nikeli, iitwayo inva, inayotanuka kwa takriban sehemu moja tu ya kumi ya chuma cha kawaida. Lakini ni ghali, tena ni laini mno kwa magurudumu ya treni. Kwa hiyo uchaguzi wa wahandisi huelekezwa kwenye vifaa vinavyoishikilia reli: mataruma ya zege, mazito kuliko ya mbao, vibano vya chuma chenye kunesa, na kokoto za mawe yaliyopondwa, ambazo kona zake kali hushikana, tofauti na changarawe laini za mtoni.

Kwa Kilosa, kokoto ndizo za kuangaliwa zaidi. Mafuriko ya mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010 yaliikata reli ya zamani kati ya Kilosa na Gulwe. Maji yakizoa kokoto pembeni mwa mataruma, madhara yanaweza kujitokeza baadaye, mvua ikiwa imekwisha na jua limewaka. Ndivyo ilivyo pia kokoto zinapochotwa kujengea nyumba, au vibano vinapong'olewa na kuuzwa kama vyuma chakavu.

Mwananchi anayeona reli iliyokuwa imenyooka imeanza kufanya mawimbi, hasa mchana, atoe taarifa mara moja katika kituo cha reli au cha polisi kilicho karibu, bila kusubiri treni inayofuata ipite.