VVU Chotara: Pemba na Bara
Ingawa maambukizi ya VVU Zanzibar hayafikii asilimia 1 ya watu wazima, Pemba haijatengana na Bara, kwani vyombo vya Wete na Mkoani hupeleka watu Unguja na Tanga, na huko Bara aina A, C na D za virusi hivyo huzunguka kwa pamoja. Seli moja ikivamiwa na aina mbili, kirusi kinachozaliwa humo huweza kubeba nyuzi mbili za RNA, yaani maagizo ya urithi, kila uzi wa aina yake. Kisha, katika seli inayofuata, kimeng'enya kinachozinakili huruka kutoka uzi mmoja hadi mwingine, na nakala ikatoka chotara. Machotara hao wamegunduliwa kwa wingi Mbeya, nao huwatatiza watafiti wa chanjo kuliko matabibu, maana dawa za kufubaza virusi huwadhibiti vilevile.