Funga Bomba, Kisha Funga Mashine: Istilahi za Sinki na Kisagio cha Jikoni

Neno mzinga lina maana kadhaa. Kwa mrina asali, mzinga ni gogo lililochongwa na kutundikwa mtini ili nyuki wafanye makazi yao. Kwa askari, ni silaha kubwa. Kwa mkazi wa Morogoro, Mzinga ni mto uteremkao kutoka milima ya Uluguru na kuingiza maji yake katika bwawa la Mindu, tena ni jina la kata. Wingi huu wa maana haumsumbui mtu, kwa kuwa mazungumzo yenyewe hubainisha kinachokusudiwa. Lakini maelekezo ya ufundi hayana mazungumzo. Fundi aliyelala chali chini ya sinki, tochi mkononi, hana wa kumwuliza. Ana karatasi tu. Neno lenye maana mbili katika karatasi hiyo laweza kumwaga maji jikoni, au kumkata mtu vidole.

Madhumuni ya makala haya ni kuchambua istilahi zihitajiwazo katika kufunga, kutengeneza na kubadilisha mashine isagayo mabaki ya chakula chini ya sinki la jikoni. Mashine hiyo haijazoeleka nchini. Katika nyumba nyingi za Mzinga na vitongoji vya Uluguru, maganda ya ndizi na ya mihogo huenda kwa mbuzi au shimo la mbolea, na makombo huliwa na kuku. Hata hivyo mfasiri hachagui kazi, na maneno yatakayopimwa hapa ndiyo yatumikayo kwa sinki lolote lililoziba.

Mashine yenyewe

Mashine hii ilibuniwa mwaka 1927 na John W. Hammes, msanifu majengo wa Racine, jimbo la Wisconsin, Marekani, naye akapewa hataza mwaka 1935. Imeenea sana nchini humo, ingawa mji wa New York uliikataza katika sehemu kubwa ya mji hadi mwaka 1997 kwa kuhofia kuharibika kwa mifereji ya majitaka.

Watu wengi hudhani kwamba ndani yake mna visu. Sivyo. Mna sahani ya chuma izungushwayo na mota, na juu ya sahani hiyo vimefungwa vipande vya chuma. Sahani izungukapo, mabaki husukumwa pembeni na kusagwa kwenye ukuta wenye meno, kisha maji huyachukua hadi kwenye bomba la kutolea maji. Kwa hiyo kitenzi kifaacho ni kusaga, wala si kukata. Mfasiri atakayeandika "visu" atamfanya fundi atafute kitu cha kunoa ambacho hakipo.

Jina la mashine

Majina manne yaweza kupendekezwa. La kwanza ni kisagataka. Limeundwa vizuri, kwa kufuata kipazasauti na kipimajoto. Lakini taka ni pamoja na vizibo vya chupa, nailoni na vitambaa, vitu ambavyo mashine haiviwezi. Jina hilo lamwalika mtumiaji kuiharibu. La pili ni kisagamakombo. Makombo ni chakula kilichobaki baada ya watu kula. Maganda ya viazi si makombo, nayo husagwa. La tatu ni kinu cha sinki. Kinu ni neno letu la asili, ila katika kinu cha nyumbani mtu hutia mkono bila hofu ili kugeuza nafaka. Mazoea hayo yasihamishiwe hapa.

Tunapendekeza kisagio cha sinki. Kisagio ni kifaa cha kusagia, na "cha sinki" huonyesha mahali kinapofungwa bila kuahidi kwamba kitasaga kila kitu. Vitu visagwavyo na visivyosagwa vitajwe katika maelekezo, visibebeshwe jina.

Funga na fungua

Hapa ndipo penye hatari kubwa zaidi. Kitenzi kufunga kina maana ya kuziba, kukaza, na pia kuweka mashine mahali pake. Sentensi "funga bomba" yaweza kumaanisha kuzuia maji yasipite, au kuunga bomba jipya. Neno bomba nalo ni mfereji wa kupitishia maji, na katika usemi wa kila siku ni mahali maji yatokeapo. Tunashauri mfasiri aandike "funga koki" anapotaka maji yazuiwe, "unga bomba" anapotaka vipande viwili vishikane, na "funga kisagio" kwa kuweka mashine mahali pake. "Kaza" na "legeza" viachiwe skrubu na pete.

Vivyo hivyo, "zima" haitoshi. Mashine iliyozimwa kwa swichi yake bado ina umeme, na mtu mwingine aingiapo jikoni aweza kuiwasha. Iandikwe: "Kata umeme kwenye swichi kuu", au "Chomoa plagi".

Kutengeneza nako ni kuunda kitu kipya na pia kurekebisha kilichoharibika. Katika maelekezo ya matengenezo, "rekebisha" haina utata.

Karo na chemba

Karo ni neno la zamani, nalo hutumiwa kwa mahali pa kuoshea vyombo na pia kwa shimo la majitaka. Onyo lisemalo "usimwage mafuta karoni" laweza basi kueleweka kwa namna mbili. Tunapendekeza sinki kwa chombo cha jikoni. Chemba kwa kisima kidogo chenye mfuniko ambamo mabomba ya majitaka hukutana na kukaguliwa. Na shimo la majitaka kwa mahali yanapohifadhiwa.

Tofauti hii si ya kamusi tu. Nyumba isiyounganishwa na mfereji wa mji hutegemea shimo. Mabaki yaliyosagwa hutuama humo na kuongeza tope, na shimo hujaa mapema kuliko kawaida. Mwenye nyumba anastahili kusoma jambo hilo kwa maneno yasiyo na utata kabla ya kununua kisagio.

Chini ya sinki mna pia kipande cha bomba kilichopinda, ambacho hubaki na maji daima ili harufu isirudi jikoni. Kukiita mtego ni kutafsiri neno na kuacha kazi yake, kwani hakinasi kitu. Kizuiaharufu chatosha. Bomba la pembe, ambalo mafundi huliita elbo, laweza kuitwa kiwiko. Lakini elbo imekwisha kukaa vinywani mwa mafundi, nasi hatuoni sababu ya kuiondoa.

Mfano wa maelekezo

Maneno hupimwa kwa matumizi. Haya ni maelekezo mafupi yaliyoandikwa kwa istilahi tulizozipendekeza:

1. Kisagio kikinguruma bila kuzunguka, kitu kimekwama. Kata umeme kwenye swichi kuu. Usitie mkono ndani.
2. Ingiza ufunguo wa pembe sita katika tundu lililo katikati ya kitako cha kisagio, ikiwa lipo, uzungushe huku na huku mpaka sahani ilegee. Toa kilichokwama kwa koleo.
3. Kisagio kikiwa kimya kabisa, subiri mota ipoe, kisha bonyeza kitufe kilicho kitakoni.
4. Maji yakivuja kwenye shingo ya sinki, badilisha washa. Yakivuja kwenye mwili wa kisagio, badilisha kisagio chenyewe.
5. Kabla ya kufunga kisagio kipya, soma volti zilizoandikwa juu yake. Kilichotengenezwa kwa matumizi ya Marekani huhitaji volti 120. Umeme wa majumbani nchini Tanzania ni volti 230.
6. Kiegemeze kisagio kisianguke, kizungushe katika pete mpaka kishike, unga bomba la kutolea maji na kizuiaharufu, kisha fungua koki uone kama pavuja. Umeme urudishwe mwisho.
7. Wakati wa kusaga, acha maji baridi yatiririke. Mafuta yasimwagwe katika sinki.

Istilahi hizi ni mapendekezo, wala hazijasanifiwa. Walimu wa shule za ufundi na wafasiri wanaombwa wazisome mbele ya mafundi wenyewe, na watuletee maneno yaliyo bora zaidi. Na pale ambapo fundi atasita akiuliza "kufunga gani?", basi neno hilo lirudishwe mezani.