Mkuu wa Idara ya Upasuaji Apimwe kwa Wanagenzi Wake

Katika hospitali yoyote kubwa, daktari mpasuaji ndiye anayetajwa zaidi vinywani mwa watu. Mgonjwa aliyeteswa na ngiri kwa miaka akatoka akitembea humtaja yeye, na jamaa waliokesha nje ya chumba cha upasuaji humwombea dua yeye. Heshima hiyo ni haki yake, nasi hatuna nia ya kuipunguza. Leo, hata hivyo, tunapenda kuizungumza kazi nyingine ambayo umma hauioni, nayo ni kuongoza idara ya upasuaji katika skuli ya udaktari. Kazi hiyo haifanywi kwa kisu, na aghalabu mtu hodari wa kisu hukabidhiwa bila ya kuulizwa kama anaiweza.

Visiwa vyetu vina skuli ya udaktari katika Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, na vijana wetu hujifunza kando ya vitanda vya Mnazi Mmoja. Kwa hiyo suala la nani aiongoze idara kama hiyo, na aiongoze vipi, si la wakubwa wa chuo peke yao. Linamhusu mvuvi wa Micheweni na mchuma karafuu wa Wete, ambaye siku ya haja atalala mbele ya mtu aliyefunzwa humo.

Tuanze na mfano wa mbali. Mwaka 1889 hospitali ya Johns Hopkins ilifunguliwa katika mji wa Baltimore, Marekani, na skuli yake ya udaktari ikafuata mwaka 1893. Upasuaji uliongozwa na William Stewart Halsted mpaka alipofariki mwaka 1922. Zama hizo kijana wa Kimarekani aliyetaka kuwa mpasuaji alijifunza kwa bahati, akimfuata mkubwa huyu leo na yule kesho. Halsted aliweka utaratibu: daktari kijana akae hospitalini miaka mingi, apewe dhamana kidogo kidogo kadiri ustadi wake unavyokua, hata afikie daraja ya kupasua mwenyewe na kuwafundisha wenziwe. Wanagenzi wakuu waliopita mikononi mwake walikuwa 17 tu, lakini wengi wao walikwenda kuanzisha mafunzo ya namna ile ile kwingineko. Harvey Cushing, aliyefunzwa hapo, akawa mwasisi wa upasuaji wa ubongo. Halsted mwenyewe alikuwa na desturi ya kukaa mbali na Baltimore kwa miezi kadhaa ya kiangazi, na kazi haikusimama.

Lipo na jambo la glavu. Muuguzi mkuu wa chumba chake cha upasuaji, Caroline Hampton, aliharibika ngozi ya mikono kwa dawa kali ya zebaki iliyotumika kuulia vijidudu. Katika majira ya baridi ya mwaka 1889 kuingia 1890, Halsted aliagiza kiwandani glavu nyembamba za mpira. Shabaha ilikuwa kuihifadhi mikono ya muuguzi; kidonda cha mgonjwa hakikufikiriwa. Wasaidizi wakazizoea, na baadaye mmoja wa wanagenzi, Joseph Bloodgood, akaonyesha kwa hesabu kwamba tangu zianze kuvaliwa kila mara, vidonda vya ngiri vilivyotunga usaha vilikuwa vimepungua sana. Mkuu hakuona haya kuandika, miaka mingi baadaye, kwamba wao wote walikuwa vipofu kwa kutoliona jambo hilo mapema. Idara ambayo mdogo aweza kumwonyesha mkubwa jambo, na mkubwa akakiri hadharani, hiyo ndiyo idara ya elimu.

Hatusemi kwamba yote ya Halsted yafaa kuigwa. Utaratibu wake ulikuwa kama piramidi: wengi waliingia chini, na mmoja mmoja akafika juu, wengine wakaondolewa njiani. Nchi kubwa yaweza kumudu upotevu huo. Visiwa vyenye wapasuaji wachache haviwezi kumtupa kijana aliyekwisha gharimiwa miaka mitano au sita. Kwetu sisi kazi ya mkuu ni kuhakikisha kuwa kila aliyeingia kwa haki anafika.

Mfano wa pili ni wa mtu aliyenyimwa sikio. Ernest Codman, wa hospitali ya Massachusetts General mjini Boston, alishikilia kwamba kila mgonjwa aliyepasuliwa afuatiliwe mwaka mzima ili ijulikane kama alipona, na kama hakupona, ijulikane ni kwa nini. Alitaka pia vyeo vya wapasuaji vitolewe kwa kuangalia matokeo ya kazi zao na si kwa miaka ya utumishi. Mwaka 1914 alijiuzulu kwa kupinga utaratibu wa vyeo kwa ukongwe. Katika hospitali yake ndogo ya binafsi aliandika habari za wagonjwa 337 waliotibiwa kati ya mwaka 1911 na 1916, na humo akaorodhesha makosa 123, akayachapisha kila mtu ayasome. Wenziwe walimchukia. Leo, vikao ambamo madaktari huketi kuchambua kila kifo na kila tatizo lililotokea baada ya upasuaji ni sehemu ya mafunzo duniani kote.

Mfano wa tatu ni wa jirani. Katika Chuo cha Makerere, Ian McAdam alikuwa profesa wa upasuaji kuanzia mwaka 1957. Mwaka 1972, katika utawala wa Idi Amin, alilazimishwa kuondoka Uganda. Laiti elimu yote ingalikuwa kichwani mwake, ingaliondoka naye. Lakini walikuwapo Waafrika waliokwisha kufuzu, akiwamo Sebastian Kyalwazi, aliyepata shahada ya juu ya upasuaji Uingereza mwaka 1961, wa mwanzo miongoni mwa Waafrika wa Afrika Mashariki. Shida zilikuwa nyingi, dawa zilikosekana na walimu wengi walikimbia, ila walibaki watu wa kushika kisu na kufundisha.

Wahenga walisema, mgeni njoo mwenyeji apone. Tangu mwaka 1964 madaktari wa Kichina wamekuja kwa zamu kutibu Unguja na Pemba, na wengine kutoka nchi nyingine wamefuata. Tunawashukuru kwa dhati. Lakini mgeni ana siku yake ya kurejea kwao, na akiondoka bila ya kumwachia mwenyeji ujuzi, wagonjwa hurudi kungoja mgeni mwingine. Ni wajibu wa mkuu wa idara kuhakikisha kwamba kila mgeni anapopasua, pembeni yake amesimama kijana wa hapa, na kwamba kabla mgeni hajafunga mizigo, kijana huyo ameshika kisu chini ya uangalizi wake.

Tutaambiwa kwamba wagonjwa ni wengi na wapasuaji ni haba, basi muda wa kufundisha utoke wapi? Hoja hiyo ni ya kweli, wala hatuipuuzi. Operesheni ya ngiri inayofanywa na mwanagenzi huchukua muda mrefu zaidi, na foleni huongezeka. Lakini idara inayokataa kulipa gharama hiyo leo itakuwa na wapasuaji wale wale baada ya miaka kumi, wamechoka zaidi, na foleni itakuwa ndefu kuliko sasa.

Kwa hiyo tunawaomba wahusika serikalini na chuoni, nafasi ya uongozi wa idara inapojazwa, waulize mambo matatu. Kwanza, mtu huyu amewafundisha kina nani, na wako wapi? Pili, ataitisha kikao cha kila wiki cha kuchambua vifo na makosa, na ya kwake yeye yakitajwa kwanza? Tatu, muuguzi akimwambia, "Daktari, ngoja kwanza," atangoja? Mwaka 2009 yalitangazwa matokeo ya hospitali nane duniani, mojawapo ikiwa ya Ifakara, zilizoanza kutumia orodha ya uhakiki kabla na baada ya upasuaji. Vifo vilipungua kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8. Orodha hiyo ni karatasi moja tu, lakini haina faida pale ambapo mkubwa hasimamishwi.

Kadhalika, wakishamteua, wasimwache peke yake. Wampe saa za kufundisha zilizoandikwa kwenye ratiba, karani wa kutunza majalada ya wagonjwa, na nauli ya kuwafikisha wanagenzi Pemba, kwa maana mgonjwa wa Mkoani naye ni mwalimu wao. Nao wananchi tunawaomba subira: ukiona kijana ameketi karibu na mkubwa wake akikuuliza maswali yale yale mara ya pili, mjibu. Huenda ndiye atakayempasua mwanao.