Mstari wa Simu Hauvuki Mto Rufiji

Kila mwaka masika yakielekea ukingoni, maswali huanza kuingia, na karibu yote ni swali moja: "Naomba faili la njia ya baiskeli kutoka Kibiti, kupitia delta, mpaka Kilwa." Wengine huongeza kwamba njia wameshaiona kwenye simu, nukta nukta zinazokatiza mikoko, zinaibukia ufukweni na kushuka kusini. Wanachotaka ni mtu wa kuwathibitishia tu. Jibu langu ni lilelile: faili hilo silitoi, na anayeliuza anauza hatari. Mto unaomwaga maji kwa milango mingi baharini, na bahari inayorudi ndani ya milango hiyo mara mbili kwa siku, haviingii kwenye mstari mmoja.

Nianze na mstari wenyewe, kwa sababu siku hizi unaaminiwa kuliko mvuvi aliyezaliwa Salale, ndani ya delta.

Mistari mingi ya vijijini kwenye ramani za simu imechorwa na watu wa kujitolea wanaotazama picha za satelaiti. Ni kazi njema, na mimi naitumia. Pale Dar es Salaam mradi wa Ramani Huria ulioanza mwaka 2015 ulitoa ramani nzuri za mitaa inayofurika, kwa sababu wanafunzi na wakazi walishuka wenyewe wakatembea, wakatazama mfereji uko wapi na maji hufika wapi. Tofauti iko hapo. Ukiona ndani ya delta mstari usiotaja kijiji, daraja wala kivuko, dhania kwanza kwamba umechorwa na mtu aliyeketi mbali akaona ufito mweupe kati ya miti. Ufito huo huenda ni njia kweli. Huenda pia ni kijito kilichopwa, ukingo wa shamba la mpunga, au mkondo wa zamani ambao mto umeuhama. Na Rufiji inahama: tangu mwishoni mwa miaka ya 1970 sehemu kubwa ya maji yake matamu hupitia upande wa kaskazini wa delta, na mashamba ya mpunga yameufuata.

Kisha kuna njia zilizorekodiwa na watu, ambazo wengi huziona kama ushahidi usiopingika. "Lakini huyu alipita!" Alipita akiwa ndani ya nini? Simu haijui kama imebebwa mfukoni mwa mwendesha baiskeli au imelala kwenye kapu la dagaa ndani ya boti ya injini. Tazama mwendo uliorekodiwa: ukiwa haubadiliki kwa saa nzima na mstari unafuata katikati ya kila kona ya maji, unatazama safari ya boti. Programu nayo haitambui hilo. Inaunga kipande cha boti na kipande cha miguu, inachagua kilicho kifupi, inakupa kilomita na saa za kuwasili, nawe unafunga mizigo.

Hata picha ya satelaiti ambayo kila mtu huikuza kwa vidole akatafuta mchanga, imepigwa siku isiyo na mawingu, na pwani hii siku hizo ziko zaidi kiangazi. Imepigwa kwa dakika moja. Wakati wa bamvu, yale maji makubwa, tofauti kati ya kujaa na kupwa hapa ni zaidi ya mita 3. Kwenye ardhi bapa kama ile, mita 3 za kwenda juu ni kilomita nzima za kwenda ndani. Ufukwe mpana uliouona kwenye picha saa tano asubuhi, saa kumi jioni ni bahari, na nyuma yako ni mikoko isiyopenyeka.

Haya si mageni. Meli ya kivita ya Wajerumani, Königsberg, ilijificha ndani ya delta hii mwaka 1914. Waingereza walirusha ndege, wakaiona kwa macho kutoka juu mwezi Novemba mwaka huohuo, na bado hawakuweza kuifikia. Kuiona hakukuwaambia kina cha maji. Ilibidi wamtafute mwindaji, Pieter Pretorius, aingie mikokoni na watu wanaoyajua maji yale, apime vina kwa miti na kuandika maji yanajaa lini na kupwa lini. Ndipo zikatafutwa meli mbili zisizohitaji maji marefu, Severn na Mersey, na Königsberg ikamalizwa Julai 1915. Dola yenye jeshi kubwa la majini kuliko yote duniani ilihitaji mtu wa kutumbukiza mti kwenye maji. Anayepanga safari kwa picha ya kutoka juu peke yake yuko pale Waingereza walipokuwa Novemba 1914.

Wapo wanaokubali yote haya kisha wanasema wana tairi nene. Tairi nene husaidia kwenye mchanga. Kwenye tope la mikoko haisaidii chochote. Inabeba tope zaidi. Lile tope ni laini na linanata: gurudumu likizunguka mara mbili tatu, nafasi yote kati ya tairi na foko imejaa, breki zimezibwa, na baiskeli haisukumiki hata kwa mkono. Ukiibeba, unakanyaga mizizi ya mchu inayochomoza wima kama penseli, na pale mizizi ya mkoko ilipo, chaza wameshikamana nayo na magamba yao yanachana tairi na ngozi ya mguu pamoja. Wenyeji hupita humo kwa mtumbwi. Wana sababu.

Nje ya mikoko kuna aina mbili za udongo zenye tabia zinazopingana. Juu, maeneo ya Bungu, Kibiti na Mchukwi, kwenye mikorosho, ni mchanga. Mchanga huu ukinyeshewa hushikana na unapitika vizuri. Kiangazi kikikolea hulegea, na magari yakishausaga utasukuma baiskeli kutwa. Chini, kwenye bonde la mto, ni mbuga, ule udongo mweusi. Ukilowa, hupiti, ukikauka kabisa, hupasuka nyufa za kumeza gurudumu la mbele. Kwa hiyo hakuna mwezi unaofaa kwa vyote viwili. Kuna wiki chache za maelewano, kuanzia mwisho wa Juni hadi Agosti, mbuga ikiwa imekauka juu bila kupasuka sana na mchanga haujawa unga. Anayeniuliza "kiangazi si ni kizuri tu?" hajaniambia anataka kupita wapi.

Usisome mvua kwa kutazama mawingu ya Kibiti. Zaidi ya nusu ya maji ya Rufiji hutoka Kilombero, na mengine Luwegu na Ruaha Mkuu, mbali huko juu. Jua linaweza kuwaka Ikwiriri wiki nzima huku mto unapanda. Tangu bwawa la Julius Nyerere lianze kujazwa Desemba 2022, kuna jambo la pili la kufuatilia, nalo ni kiasi cha maji kinachoachiwa kule juu. Aprili 2024 mafuriko yalifunika mashamba na nyumba Muhoro na Chumbi, na mwezi uliofuata kimbunga Hidaya kikaikata hata barabara kuu ya lami upande wa Kilwa. Lami yenyewe ilikatika, na bado mtu ananiuliza habari za nukta nukta.

Njia hapa hupangwa kwa vivuko na saa za maji. Kilomita huja mwisho kabisa. Andika kwanza kila mahali utakapovuka maji. Kwa kila mahali, jua ni daraja, kivuko cha serikali, mtumbwi wa mtu au kuvuka kwa miguu. Kisha shika kalenda ya mwezi. Bamvu huja mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu. Mwambao huu, siku hizo maji hujaa kwenye saa kumi, alfajiri na jioni, na hupwa kwenye saa nne hadi saa tano, asubuhi na usiku. Kila siku inayofuata saa husogea mbele kwa karibu dakika 50. Maji mafu huja katikati ya bamvu mbili, na siku hizo vijito vidogo huenda visijae vya kutosha kupitisha boti. Jedwali la maji la bandari ya Dar es Salaam ni la Dar es Salaam; ukiwa ndani ya mkondo, kujaa na kupwa hufika kwa kuchelewa, na mto ukiwa umefurika hesabu yote hubadilika. Mwenye kujua ni nahodha wa pale pale.

Na mtu huulizwa kwa adabu na kwa akili. Ukimsimamisha mzee ukamuuliza "njia inapitika?" atakujibu inapitika, kwa sababu ni muungwana na hataki kukuvunja moyo, na kwake yeye inapitika. Amkia, "Shikamoo mzee," pumzika, halafu uliza hivi: "Nani amepita wiki hii? Alipita na nini? Maji yalikuwa wapi?" Majibu matatu hayo yanazidi faili lolote. Waulize hasa wachuuzi wa samaki wanaofunga matenga kwenye keria za baiskeli zao. Hao ndio wenye maarifa ya njia za baiskeli Kibiti. Wamebeba mizigo mizito kuliko yako kwenye njia zilezile, bila gia, na wanajua ni mchanga upi unaokwepwa kwa kupita kando ya mikorosho.

Sasa, uchaguzi uliopo. Nasema kwa haraka kwa sababu baada ya hayo ya juu mambo ni rahisi.

Mwenye siku chache azunguke bonde: Kibiti hadi Mkongo kwa barabara ya vumbi, kivuko hadi Utete, Utete hadi Nyamwage, kisha arudi kaskazini kwa Daraja la Mkapa hadi Ikwiriri na Kibiti. Ulizia kivuko siku moja kabla, maana mto ukijaa sana au ukipungua sana huduma husimama. Kikisimama, rudi ulikotoka. Daraja la Mkapa lililofunguliwa 2003 ndilo la kutumia; usitegemee jingine la mto mkuu chini yake.

Anayetaka bahari apinde Bungu, ashuke hadi Nyamisati, apande chombo kwenda Kilindoni na baiskeli yake, aendeshe Mafia kutoka Utende kusini hadi Bweni kaskazini, halafu arudi. Hiyo ni safari nzuri sana na watu wanaipuuza kwa kuwa ina boti katikati.

Anayetaka kuiona delta yenyewe, Salale na Maparoni, akubali kwamba humo baiskeli ni mzigo wa boti. Patana bei ya kwenda na kurudi kabla ya kupanda, vaa jaketi la kuokolea, na baiskeli ikigusa maji ya chumvi ioshe kwa maji matamu siku hiyohiyo, hasa beringi na mnyororo. Aendaye Kilwa afuate lami kupitia Somanga, ajihadhari na malori, asisafiri usiku. Kuelekea Mloka barabara ipo. Ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Nyerere usikatize, na tembo hawasubiri kwenye mpaka wa hifadhi.

Mwendo: kwenye vumbi gumu hesabu kilomita 12 kwa saa, mchanga 6, kusukuma 3, na panga siku yako ikiisha saa kumi na nusu. Jioni viboko hutoka majini kwenda kula, na kuchota maji ukingoni giza likiingia ni kujipeleka kwa mamba. Maji ya kunywa yajaze vijijini. Mwambaoni visima vingi vina chumvi. Beba tyubu mbili, viraka, solusheni na pampu. Chandarua usikiache.

Jambo la mwisho ndilo linalorukwa mara nyingi. Fika ofisi ya kijiji kabla hujafunga hema. Miaka ya 2016 na 2017 wilaya ya Kibiti ilipoteza viongozi wa vijiji na askari polisi katika mauaji ambayo familia hazijayasahau. Mgeni anayeibuka porini jioni, na begi, na kifaa cha kurekodi njia, bila kujitambulisha kwa mtu, anawatia watu hofu ambayo si haki yao kuibeba. Mwone mtendaji au mwenyekiti, onyesha kitambulisho, sema unatoka wapi na unakwenda wapi, omba mahali pa kulala. Ukitaka kuingia msitu wa mikoko, ulizia kibali cha Wakala wa Huduma za Misitu kabla ya kuondoka nyumbani. Mwachie ndugu ratiba yako yenye majina ya vijiji, na siku ya kuanza kukutafuta usipopiga simu.

Machi, Aprili na Mei usiende kabisa, hata kama wiki yako ya likizo imeangukia huko. Sogeza likizo hadi Julai.