Kijivu cha Dukani, Kijivu cha Ukutani

Nilikwenda Tabata, Dar es Salaam, kumsalimu ndugu anayemalizia nyumba yake, nikamkuta fundi rangi ameinama sebuleni, uso wake ameuingiza kwenye boksi la televisheni. Nikampa shikamoo. Akaitika marahaba humo humo ndani.

Boksi lile nililitazama kwa muda mrefu. Ndani lilipakwa kijivu mikono miwili, kuta zote nne. Juu ameacha jeupe badala ya dari. Ubavuni alikata dirisha kwa kisu, akalielekeza kwenye dirisha la kweli la sebule. Upande wa pili kuna tundu la kuchungulia. Rangi ilikuwa ile ile ya kwenye ndoo iliyosimama kando, imechanganywa kwa mashine dukani baada ya ndugu yangu kuonyesha picha kwenye simu.

“Chungulia, mwanangu. Usiseme kitu kwanza.”

Akanipa na kadi ya rangi niishike. Kwenye kadi kijivu kile kilikuwa cha mawe, kimetulia. Ndani ya boksi kilikuwa kimeingia bluu, na pembeni kuta zinapokutana kilikolea hadi nikadhani amechanganya kopo jingine. Nikatoa uso, nikatazama kadi, nikarudi tundu­ni. Bado bluu.

“Ukuta haukai peke yake,” alisema. “Huu unautazama ule, unaurushia rangi yake, na ule unairudisha. Kadi haina wa kuirudishia. Ndiyo maana mtu anachagua kitu laini dukani, tukimaliza kuta nne anasema fundi kamzidishia.”

Mzee huyu, aliyeomba nisimtaje jina, amepaka nyumba za mji huu tangu ujana wake. Hajaribu rangi kwa kuweka kiraka ukutani, kama wengi wanavyofanya, kwa sababu rangi ya zamani inayozunguka kiraka huyadanganya macho. Kijivu kikizungukwa na waridi kuukuu huonekana kina ukijani. Anapaka kipande cha hadibodi, anaacha kikauke kabisa, maana rangi ya maji ikiwa mbichi huonekana nyepesi kuliko itakavyokuwa. Kisha anatembea nacho: nyuma ya mlango, karibu na vigae vya sakafu, kando ya pazia, asubuhi na alasiri. Plasta mpya anaipa kama wiki nne ikauke kabla hajaigusa. Ukali wa saruji mbichi hula baadhi ya rangi, na hapo hata jaribio zuri halina maana.

Jua lilipozama akawasha taa. Balbu ilikuwa ya zile nyeupe, pakiti yake imeandikwa 6500K, na kijivu cha kwenye hadibodi kikazidi kuwa bluu. Akaifungua, akaweka ya 2700K, ile ya umanjano. Kile kile kikalainika, kikakaribia rangi ya jivu la kuni. Ndugu yangu akakaa chini kwenye ndoo ya puti, hana la kusema. Lita 20 zimeshalipiwa, na rangi ikishachanganywa duka haliipokei tena. “Balbu ni bei ndogo kuliko ndoo,” fundi alimwambia, kwa upole.

Lakini kilichonifanya niandike ni alichosema kuhusu ukuta wa kusini. Ushauri wa mapambo tunaousoma mtandaoni mwingi umetoka Ulaya na Marekani, ambako jua la mchana hukaa upande wa kusini mwaka mzima. Kwa hiyo wanasema chumba kinachotazama kusini kina mwanga wa joto, cha kaskazini kipewe rangi za kukichangamsha. Dar es Salaam ipo takriban nyuzi 7 kusini mwa ikweta, na huku jua la adhuhuri linahama. Kuanzia mapema Machi hadi Oktoba linapita upande wa kaskazini. Baada ya hapo linavuka na kukaa kusini hadi Machi nyingine. Tunanakili kanuni ya watu ambao jua lao halihami upande, halafu tunamlaumu fundi.

Mzee aliyajua haya kwa kazi. “Wakati wa kusi ukuta huu umepoa, hata ukungu unaota. Kaskazi ikianza kuvuma, jua liko upande huu. Ukichagua rangi mwezi wa sita, mwezi wa kwanza ukiingia utauliza nani amekuja kupaka usiku.”

Je, mtu asubiri mwaka ndipo apake sebule? Na jirani akiezeka bati jipya la bluu, mwanga wake ukaingia dirishani kila asubuhi? Nilimuuliza. Alisema ameshaliona hilo, na mwenye chumba alimwita arudie kazi bure.

Hapo ndipo nilipouliza habari ya malipo. Analipwa kwa chumba. Boksi, hadibodi, kurudi usiku kutazama taa, vyote havimo kwenye bei. Mwenye nyumba anahesabu mikono ya rola. Naona ni dhuluma, hata kama hakuna aliyeikusudia, kwa sababu kazi ya kutazama ndiyo inayookoa ndoo nzima.

Kijana anayemsaidia, akipiga msasa koridoni, alisema waziwazi kwamba akianza kazi zake mwenyewe hatapoteza muda huo. Mzee alimsikia na hakumkatalia. Alisema mteja anayefuata atamtajia bei mbili, ya kupaka na ya kujaribu, na ya kujaribu italipwa kabla mtu hajaenda dukani. Kijana akamuuliza: na wakikataa? Mzee akasema hilo nalo bado analifikiria.